Kisanduku cha Nne

Waraka ulifika Gongoni siku ya Jumanne,
umekunjwa mara tatu, una muhuri wa zambarau
na jasho la mwendesha boda aliyeuficha kifuani.
Mwalimu mkuu aliusoma wima, akakohoa, akaniita:
"Famau, wewe ndiye ushauri nasaha.
Watoto wachague mikondo. Ijumaa orodha iende."

Mikondo ni mitatu.
Sayansi na ufundi. Jamii na lugha. Sanaa na michezo.
Kila mmoja na kisanduku chake,
kidogo, kama tundu la kufuli.
Serikali inasema mtoto asisome tena kwa kubahatisha:
aandaliwe chuo, aandaliwe kazi,
atoke getini akijua mguu unakanyaga wapi.
Maneno mazuri. Sitanii, mazuri.
Nimeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Kisha nikaenda kufungua maabara.
Bomba la gesi limezibwa kwa kitambaa.
Darubini moja, jicho limeota ukungu.
Na ile mizani
inayosoma gramu nane kabla hujaweka kitu.

Tsofa alichagua michezo:
uwanja upo, mpira ndio hauna upepo.
Haluwa alichagua lugha, kwa kuwa shangazi yake
aliokota Kitaliano hotelini, kijiko kwa kijiko,
akajenga nyumba ya mawe.
Nyevu Mwagandi, dawati la dirishani,
hakujaza chochote.

"Una nini?"
"Mwalimu, chumvi haimo humu."

Wenzake walicheka.
Na mimi, nakiri, kidogo.

Baba yake hukwangua chumvi mabwawani,
nyayo zimepasuka kama sakafu ya bwawa lenyewe.
Babu yake alivuta kamba za jukwaa la Ngomeni
siku zile za roketi;
vyombo vikapaa, yeye akarudi na mshahara wa wiki.
Hakuna aliyemuuliza mkondo wake.

Nyevu akatoa daftari, jalada limekakamaa kwa magadi.
Miaka miwili ya namba:
mvua, jua, magunia, siku.
Maji yakigeuka rangi ya waridi, anaandika.
Kiazi kibichi kikielea, anaandika saa.
Mhandisi wa kiwanda huja na kipimo cha kioo,
na kioo na kiazi, akasema,
hupishana kwa saa moja tu,
tena siku nyingine kiazi ndicho hutangulia.

"Sasa hii ni sayansi, mwalimu,
au ni kazi ya baba?"

Nilitazama waraka. Waraka haukunitazama.

Nikamwambia ni sayansi. Kisha ikabidi nimwambie yaliyobaki:
kwamba shule yetu haikupewa sayansi,
kwamba mwenye sayansi ataenda bweni, mjini,
na bweni lina godoro, sanduku, karo,
na karo ina baba, na baba ana nyayo.

Akachukua rula.
Chini ya visanduku vitatu akachora cha nne,
pembe zake zimenyooka kuliko za wizara,
akaandika ndani: CHUMVI.

Ijumaa mtambo ulikikataa.
Nilijaribu mara tano; kila mara ukaandika
chaguo halitambuliki.
Nikaweka alama kwenye sayansi,
nikaambatanisha kurasa sita za daftari lake
na barua yangu, ndefu kupita adabu.
Sijajibiwa. Pengine barua imelala juu ya meza
ya mtu mwema mwenye meza ndogo.

Jumatatu nilimkuta maabara
na ndoo ya maji ya bwawani, na kiazi.
Anachemsha kwa jiko la makaa la mpishi wa shule.
Maji yakakauka, ikabaki nyeupe kwenye kisahani.
Akaipakua yote juu ya karatasi, akaiweka mizanini.

"Arubaini na tatu," nikasoma, nikainama kuandika.

"Toa nane, mwalimu," akasema,
bila kugeuza uso.
"Hii siku zote huanza na uongo. Toa nane."