Njema, Ila

Kazi yangu ni kuandika vichwa vya habari.
Usiku, ghorofa ya pili, Eneo la Viwanda,
napima maneno kwa upana wa safu.
WAFA ni neno fupi, linaingia popote.
WANUSURIKA halitoshi. Nimejaribu.

Alfajiri mtambo ukinguruma chini
nashuka hadi getini kwa Bosibori,
karai lake limeshaanza kuimba.
Maandazi huyafunga kwa gazeti la jana,
yaani kwa kazi yangu.

Ilinichukua miezi kugundua
kwamba hunifungia kwa kurasa za ndani.
Wa kumi na tisa: fundi saa wa River Road
amerudisha pete iliyosahauliwa kwake miaka minane.
Wa ishirini na tatu: wanafunzi wa Mutomo
wamechimba kisima, maji yametoka matamu.
Habari za mistari minne,
nilizozichomeka mwenyewe
kuziba pengo la tangazo lililochelewa.

"Mbona hutumii ule wa kwanza?"
Akageuza andazi.
"Ule una wino mwingi. Unachafua chakula."

Nilirudi nyumbani nikidhani nimepewa hekima.
Kumbe ulikuwa usafi tu.

Kisha Aprili. Mto Ngong ukaingia Mukuru bila hodi.
Saa nne usiku picha ikafika mezani pangu:
mwanamke ndani ya maji hadi kiunoni,
mikono kichwani, mdomo wazi.
Ilikuwa pana mno.
Nikaikata kushoto, nikaikata kulia,
mpaka akabaki yeye na maji.
Bila karai, sikumtambua.

Siku tatu getini hapakuwa na moshi.
Siku ya nne:
"Habari, Bosibori?"
"Njema," akasema, "ila nyumba imekwenda na maji."

Ndivyo tunavyojibu sote, tangu utotoni.
Njema inatangulia, ila inafuata na mzigo wake.
Mimi peke yangu, kila usiku,
nalipwa kuanza na ila
na kuishia hapo.

Akautoa ukurasa wangu, ameukunja mara nne
ndani ya mfuko wa unga.
Kidole chake kikatua hewani, nje ya ukingo wa picha:
"Hapa alikuwa Wandati, na mtungi wangu wa gesi begani.
Nyuma yake Kasyoka, amembeba Achola wa jirani,
na huyo mtoto anacheka, anadhani ni mchezo.
Huku, watu wa kanisa na watu wa msikiti, kamba moja,
hata sijui nani aliileta.
Na karai! Karai liliokolewa na polisi,
kalivaa kichwani. Nikisema, nani ataniamini?"

Akaukunja tena.
"Nilikuwa nalia, kweli. Picha haikudanganya.
Aliyeikata alikuwa na haraka, basi."

Sikumwambia ni nani.
Nilinunua maandazi kumi, mimi ninayekula mawili.

Sitadai kwamba sasa naandika maua.
Juzi tu niliandika WAFA,
kwa sababu walikufa, watatu, na walikuwa na majina,
na majina yao niliyaandika yote.
Lakini siku hizi nagombana
kwa ajili ya sentimita mbili za kushoto,
mkono unaoingia, ncha ya kamba.
Ile mistari minne nimeipandisha hadi ukurasa wa tatu.
Hakuna aliyelalamika.
Mauzo hayakupanda.

Leo kuna baridi, taa ya geti bado inawaka.
Bosibori amenifungia kwa ukurasa wa tatu,
mafuta yamepenya karatasi
na upande wa pili unasomeka kinyumenyume.
Mlinzi ananiuliza habari.
Mdomo umejaa, namwonyesha kidole:
ngoja, nimeze kwanza,
nikujibu kwa mpangilio.