Ombi Limefutwa

Kazi yangu ni kuendesha magari ya watu waliolewa.
Wananiita, nafika kwa miguu,
napokea ufunguo ungali na joto la kiganja,
nasogeza kiti mbele, maana mimi mfupi,
nawafikisha. Kisha narudi nilikotoka,
kwa miguu tena, saa nane za usiku,
noti mbili mfukoni.

Hapa Okpo meli ndiko zinakozaliwa.
Wageni wanaozikagua, Wanorwei, Waskoti,
Mkroatia mmoja mwenye pete ya dole gumba,
hukaa miaka mitano bila kujua kuomba chumvi kwa Kikorea,
ila "chupa nyingine" walijifunza siku ya kwanza.
Siwacheki. Mimi kwa lugha yao najua "kulia", "kushoto",
na "tafadhali usitapike humu".

Oddvar alikuwa wangu wa kila Ijumaa.
Mkaguzi wa vyuma vilivyochomelewa:
aliweza kuona ufa mwembamba kuliko unywele
kwenye ubavu wa meli ya mafuta.
Siku moja aliandika kwenye simu, simu ikanitafsiria:
kwao glasi mbili zatosha kukupokonya leseni,
kwao hathubutu.
Nikaandika: na hapa?
Akageukia dirishani. Simu ikakosa cha kutafsiri.

Ijumaa ile ilinyesha.
Saa saba na dakika kumi na mbili ombi likaingia:
Oddvar, baa ya ghorofa ya pili, hadi nyumbani.
Mita mia tisa.
Nilikuwa ng'ambo ya kilima na gari la mwingine.
Tak akalipokea. Akaandika: dakika ishirini.
Tak ni mtu wa kukimbia, zamani alisambaza barua.

Dakika ya kumi na nne, kioo cha simu kikasema
*Ombi limefutwa na mteja.*

Kwa mlevi mita mia tisa si safari,
ni korido ya nyumba yake tu.
Anaijua kama ulimi unavyoyajua meno.
Na meno, mara mojamoja, huuma ulimi.

Tak hakuwa ameangalia simu. Alikuwa anakimbia,
koti jeusi la mvua, kichwa chini,
akimkimbilia mtu yuleyule
aliyekuwa anakuja.

Hakufa. Nasema mapema, kwa sababu watu wakifika hapa
huanza kuandaa nyuso za msiba.
Nyonga vipande vitatu. Goti la kushoto halikunji.
Sasa anakaa ofisini, yeye ndiye sauti ya kutupanga.

Rafiki za Oddvar walileta kapu la matunda hospitalini,
wakainama kama walivyotuona tukiinama,
chini mno, kwa muda mrefu mno.
Ijumaa iliyofuata niliwaona wawili kati yao
wakichomoka gereji ya chini ya baa,
wenyewe usukanini, taa hazijawashwa.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni alikuja.
Mwenyeji anapanda ngazi kwa ubavu, kama kaa.

Mahakama ilipomalizana naye, akarudishwa kwao, akatuma barua.
Mkalimani wa kiwanda alitusomea: kurasa mbili za radhi,
na katikati, sentensi fupi,
*Nilikuwa karibu na nyumbani.*
Tak aliomba irudiwe.
Akaitazama supu yake ikipoa.
"Hata mimi nilikuwa karibu," akasema. "Nilishaiona ile baa."

Leo tena Ijumaa, tena mvua.
Mgeni mpya, jina refu lisilotamkika,
yuko ngazini pa baa ileile na ufunguo mkononi.
Nimeandika: dakika kumi.
Naona namba inabadilika mbele ya macho yangu,
inafutwa, inakuwa ishirini.
Kisha sauti ya Tak sikioni, pamoja na mkwaruzo wa kiti chake:
"Nimempigia. Amekubali kungoja.
Wewe tembea, Hyangsuk.
Tembea."