Alhamisi, Watoto Wakishaondoka

Majengo, Moshi. Tumekalia viti vyao vidogo,
magoti yametufika kidevuni.
Nikasema: Elinami kanigomea tena,
kengele ikilia tu, yuko chini ya meza.
Nilitaka dawa. Mtu aseme, fanya hivi.

Aikande alikuwa anamenya chungwa.
"Hapo chini, anasikia nini?"

Miaka mitatu namfundisha,
sikujua.

Hakuna aliyenisaidia.
Waliningoja, jinsi tunavyowangoja wao,
hadi nikaanza kusikia bomba likidondosha,
feni, bati likialika kwa jua.

Ijumaa kengele ilipolia
nikaingia chini ya meza na gauni langu jipya.
Huko, kelele zote zilikuwa za mbali.
Akanisogezea kizibo cha soda, cha buluu,
bila kunitazama.

Alhamisi nitawaambia.
Au nitauliza.