Namba Ishirini

Miaka mitatu nilivaa jezi namba ishirini
na dunia niliiona kutoka benchi,
yaani niliuona mgongo wa Sixbert Komba:
kumi, moja na sifuri, sifuri imebanduka nusu
kwa sabuni ya mche na jua la Mabibo Hosteli.

Alikuwa kiungo. Kabla mpira haujamfikia
alikuwa ameshaangalia.
Ndiyo siri yake yote, sina nyingine ya kuwapa.
Sisi tulipokea kwanza, kisha tukainua macho;
yeye aliinua macho, kisha akapokea,
na katikati ya hayo mawili
pana nafasi ya maisha mazima.

Kocha Ngayomela hakumpigia kelele.
Alisema tu, "Komba, wape,"
naye akawapa: kushoto kwa Mchau, mwenye mbio kuliko akili,
mbele kwa Lwitiko, aliyefunga kwa kichwa, kwa goti, kwa bahati.
Mwaka wa kwanza tuliwafunga Uhasibu matatu.
Mwaka wa pili watu wa kozi zote walilijua jina lake,
wakalikata, wakamwita Siksi.
Mwaka huohuo alibeba supu mbili,
Takwimu na Mbinu za Utafiti,
na bumu likachelewa mpaka wiki ya saba.

Hapo ndondo zikamwita.
Aliyecheza chuo anaijua hesabu hii:
uwanja wa Manzese, vumbi limesimama wima,
elfu thelathini mkishinda, kumi na soda mkifungwa,
na jina la kuazima kwenye fomu.
Jumamosi alikuwa Sixbert. Jumapili, Shabani Mtulya.
Nikamwambia, "Ndugu yangu, miguu ni ileile miwili."
Akacheka, akanisogezea sahani ya chipsi.

Sisemi nilimwombea mabaya.
Sisemi sikumwombea.
Mtu wa benchi ana sala zake
na Mungu ameshazizoea.

Kano iliyokatika ilikuwa ya Shabani Mtulya,
lakini aliyelazwa Muhimbili ni Sixbert Komba,
mwaka wa tatu, kitanda cha kumi na nne.
Bima ya wanafunzi ikauliza kwa upole:
Jumapili, saa kumi na nusu, Manzese, ulikuwa unasoma nini?
Tukapitisha kofia kwenye vimbweta.
Mchau alitoa simu yake. Mimi nilitoa elfu tano,
na usiku ule nilijaribu viatu vyake.
Vilinibana.

Jumatano nikaingia mimi, nusu fainali.
Siksi alisimama pembeni na magongo,
mguu umefungwa, mweupe kama chaki.
Dakika ya themanini na nane, bila kwa bila,
mpira ukaja, mzuri, wa chini,
ukanikuta sijaangalia.
Nikaurudisha nyuma.
Wakaunasa, wakaondoka nao, na yaliyofuata
yaliandikwa ubaoni na kijana mwenye chaki ya bluu.

Hakudisko. Alimaliza na wastani wake wa kawaida,
goti likipiga kelele kila akipanda ngazi za Mlimani.
Klabu iliyomtumia mtu mwaka wa pili
haikumtuma tena.

Juzi nimemkuta Kurasini, bandari kavu,
kizibao cha njano, redio mkononi.
Makontena yamebanana, huoni pa kupita,
naye anasema, "Leta hiyo ya kijani, zungusha, wape,"
na njia inafunguka mahali ambapo mimi
nilikuwa nimeshaangalia mara mbili.
Tukanywa chai ya tangawizi kwenye vikombe vya plastiki.
Tukahesabu watoto, kodi, waliokufa.
Halafu, bila kunitazama, akauliza:
"Siku ile. Lwitiko alikuwa wazi kushoto,
peke yake kabisa. Ulimwona?"

Nikasema nilimwona.
Na kweli nilimwona: amenyoosha mkono,
soksi moja imeshuka, anapiga mluzi.
Nilimwona palepale, na kikombe mkononi,
alipouliza.