Baba Yupo

Kwenye steshenari ya Hamimu, pale njia panda ya Mwandiga,
foleni ilikuwa ya wahitimu watano na mbuzi wa mtu.
Zamu yangu ilipofika, Hamimu alichapa bila kuniangalia.
Jina? Nesta Zabloni Ntakije.
Kozi? Ualimu, sayansi.
Baba?
Yupo.
Hai?
Hai.
Akashusha pumzi, kama daktari.
"Hapo," akasema, "ndipo pagumu."

Maana aliyenitangulia, yule wa Kiganza,
alikuwa na cheti cha kifo, kimegongwa muhuri,
na Hamimu alikipokea kwa mikono miwili
kabla ya kukiskani.
Mimi nilikuwa na baba,
na michikichi kumi na tisa,
na bati, tuliloezeka mwaka ule wa mavuno
tusijue kwamba siku moja litasomwa kama ushahidi.

Majibu yalitoka Oktoba, usiku, mtandao ukisinzia.
Bodi: asilimia arobaini.
Mzazi: sitini.
Nikaipigia hesabu kwa kipimo cha kwetu,
dumu la mawese, msimu usipokuwa mbaya,
ukitoa ushuru wa geti, ukitoa nauli ya gulioni,
ukitoa lile ambalo mnunuzi hulionja mpaka linapungua.
Madumu ishirini na saba. Kila mwaka. Miaka mitatu.
"Na sisi tupikie nini?" mama akauliza,
akikoroga pipa bila kuinua uso.

Jumapili ukoo ukaja.
Baba mdogo Yeremia alisema anayesoma ndiye atakayekula mshahara,
basi akakope mwenyewe.
Shangazi Edisa alisema mtoto ni wa baba mpaka aolewe.
Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hakualikwa,
alisema serikali ina mambo mengi.
Kila mmoja alimwonyesha mwenzake kwa kidevu,
kama watoto walioulizwa nani kajamba.

Baba, ambaye harusini ndiye mtoa mashairi,
alisubiri chai ipoe, halafu akasimama:

    Ushuru nalipa dumu, kila nikenda sokoni,
    Sabuni hadi kalamu, kodi imo humo ndani,
    Akija kuwa mwalimu, ni wa kwangu tu nyumbani?
    Nimekwea yangu zamu, zamu yenu iko lini?

Wakapiga makofi.
Mwenyekiti alipiga kuliko wote.
Yeremia akatoa elfu tano, shangazi akaahidi kuku.
Shairi zuri halifiki bei ya godoro.

Usiku nilimsikia akimwambia mama, taratibu,
akidhani nimelala:
"Ningekufa ule mwaka wa kifua,
Nesta angepata mia kwa mia."
Mama alinyamaza kidogo.
"Usiniletee uchuro," akasema. "Zima taa."
Lakini taa ilikaa muda mrefu kabla ya kuzimwa,
na mimi nikawaza nani kati yao
alikuwa bado anapiga hesabu.

Asubuhi alijifunga kamba, akausalimu mchikichi kwa kiganja
kama anavyousalimu siku zote, akaanza kupanda.
Nilisimama chini na kikapu.
Kwa mara ya kwanza maishani nilijua bei ya baba yangu,
kwa shilingi, kwa mwaka,
na niliona aibu kuijua.
Kamba ilikuwa ile ile ya mwaka juzi.
Sikutazama mikungu. Nilitazama fundo.
Ile fomu, kurasa zote zile, haina mahali pa kujaza fundo.

Juu, panga likagonga mara mbili.
"Nesta! Ondoka hapo chini!"
Nikasogea.
Mkungu ukashuka, ukatifua vumbi.
Mmoja.