Taya la Mjozi

Normand aliipitisha noti ya dola moja
kati ya mtutu na mti, polepole, kama anayetafuta homa.
Noti ikateleza shubiri moja, ikakwama.
"Hapo," akasema. "Hapo ndipo panaponitia aibu.
Nikipiga tatu, zinatawanyika kama kuku walioona mwewe."

Kisha akafungua skrubu mbili juu ya meza ya jikoni,
na chuma kikatoka ndani ya mti
kama meno ya bandia yanavyotoka kinywani usiku.
Ndipo nikaelewa kwa nini kaniita mimi,
mpangaji wa ghorofa ya juu, fundi meno kutoka Morogoro,
na si mmoja wa wanaume wa kiwandani
anaowinda nao kulungu kila Novemba.

Rumford ilinuka karatasi siku ile, kama siku zote.
Bunduki ilikuwa ya babaye. Mjozi, mweusi kwa mafuta na jasho,
umekunywa mvua za vuli hamsini, ukavimba,
ukaanza kuusukuma mtutu pembeni, kimyakimya.
Kikulacho ki nguoni mwako;
kiipotoshacho risasi ki mbaoni mwake.

Nikachukua patasi yake ndogo
nikakwangua mti kina cha ukucha,
pale tu chuma kinapopiga teke kila inapolia.
Mtutu wenyewe tuliuacha huru, usiguse kitu.
Nta ya viatu juu ya chuma, mara tatu,
kila mpako ukikauka kabla ya mwingine,
na kwenye skrubu, Normand, skrubu usizisahau,
gundi haimsamehi mtu.
Matundu nikayaziba kwa udongo wa kuchezea
wa mjukuu wake, rangi ya waridi.
Nikacheka peke yangu: rangi ya ufizi.

Gundi huja mbili, nyeupe na nyeusi.
Nikazikoroga hadi zikawa kijivu kimoja,
kijivu cha anga la Maine saa tisa alasiri.
Samaki mkunje angali mbichi, nilifunzwa;
gundi usiikunje hata kidogo.
Kaza kwa vidole viwili. Ukitumia nguvu mti utapinda,
na gundi itaukariri huo upindo maisha yake yote.

Kesho yake haikutoka.
Akavuta yeye. Nikavuta mimi.
Lorette, mkewe, akazima redio.
Nikawa napita kichwani kila mahali nilipopaka nta,
na kuna kona moja, wallahi, sikuiona nikiipaka.
Bunduki ya marehemu, na mimi nimeifanya gogo.

Tukaitoa barazani, kwenye jalidi, saa nzima,
chuma kijikunyate.
Akagonga mara moja kwa nyundo ya mpira.
Tak.

Ndani, taya jipya: laini, linang'aa,
hata namba ya kiwanda imejichapa kinyumenyume.
Na kiputo kimoja cha hewa, kama yai la chawa.
Kazini kwangu, kwa kiputo hicho, tungeanza upya.
"Kiache," akasema. "Hata mimi nina vyangu."

Jumapili, kwenye shimo la kokoto nje ya mji,
alipiga tatu. Tukatembea hadi kwenye ubao.
Mashimo yote nikayafunika kwa kizibo cha soda.
Yote kushoto, yote chini, mbali na duara jeusi.
Nikampa pole. Akacheka mpaka akashika magoti.
"Zamani ilidanganya kila mara uongo mpya," akasema.
"Sasa ina uongo mmoja tu, na huo nitauzoea."
Akazungusha kijigurudumu cha darubini. Tik, tik, tik.

Lakini nilikuwa nimekwisha kuona:
alipocheka, meno ya juu yalimshuka
na ulimi ukayarudisha haraka, kwa mazoea.
Miaka minne ananiita Shiwatu.
Nami miaka minne nikidhani ni lafudhi.

Garini nilifungua mkoba,
nikatoa kipande cha karatasi ya kaboni
tunachotumia kutafuta mahali jino linapogusa pasipofaa.
"Fungua mdomo," nikamwambia. "Sasa ng'ata."