Pana Mandhari Hapa

Gari tulilinunua mnadani, lilikuwa la mikate.
Bado lina harufu ya hamira kwenye bati.
Ubavuni rangi imebanduka, limebaki neno KATE,
na Umazi, wa miaka sita, amekata shauri
kwamba hilo ndilo jina lake, na ni la kike.

Rafu za mikate zimekuwa vitanda,
vya watoto juu, chetu chini karibu na mtungi wa gesi.
Pipa la maji, lita arobaini.
Mapazia saba kwa madirisha manne:
ndiyo faida ya kuolewa na fundi cherehani.

Usiku, Maweni ikishatulia,
Tsofa anatandaza ramani
aliyoichana (Mbeyu asijue) kwenye atlasi ya shule.
Anapima kwa futi ileile ya shingoni,
anatia alama kwa chaki ya nguo.
"Tutasimama hapa," anasema. "Pana mandhari."

Hapo ni Nyari ya Marafa, ambako mvua imeila ardhi
ikaacha meno, mekundu, ya waridi, meupe.
Sawa. Nani asiyeijua Nyari?

"Na hapa." Kakoneni.
Kakoneni kuna nini?
"Mto. Kwa mbali."
"Na hapa." Langobaya.
"Langobaya," anawaza, "kuna anga."
"Na hapa" –
na hapo hapana jina, ni mstari tu
unaokwenda lango la Sala.

Niliweka kidole toka alama hadi alama.
Kilomita ishirini na tano. Tena ishirini na tano.
Miaka kumi na mmoja nimeendesha lori la chumvi,
Gongoni hadi Mombasa; barabara naisoma kwa mgongo.
Na mume wangu namjua:
siku ya harusi, tukitoka Ganze,
alitapika mara nne,
ya mwisho ndani ya kofia ya mjomba wake.
Kilomita ishirini na tano
ndio urefu wa tumbo lake.

Sikusema neno.
Kuna mambo mtu huyaona
akayakunjia ndani, kama pindo.

Kitsao kaandika insha: Baba yangu ni bingwa wa mandhari.
Kapata kumi na saba kwa ishirini.

Basi bingwa akaanza kuulizia.
Kila mteja aliyeleta suruali kupunguzwa kiuno:
muuza mkaa, dereva wa trekta,
askari wa mbuga mwenye sare iliyochanika kwapa.
"Ukishapita Langobaya, kama kilomita kumi hivi,
mtu akisimama, anaona nini?"
Wakamweleza.
Jiwe lenye kidimbwi wanakooga njiwa.
Mama auzaye maji ya ukwaju kwenye kibuyu.
Mahali tandala huvuka saa nne asubuhi,
mmoja mmoja, kama wenye miadi.
Mimi nilipita dunia hii miaka yote hiyo
bila kuondoa mguu kwenye mafuta.

Nimepakia magurudumu mawili ya akiba, jeki,
unga, dagaa, tochi,
ndimu kumi na mbili, tangawizi,
na mifuko ya karatasi ambayo yeye
anasema ni ya maganda ya machungwa.

Agosti, alfajiri. Amefunika cherehani kwa shuka,
futi kaisahau shingoni.
Nikawasha. Kate akakohoa, akakubali.

Hata daraja la Sabaki hatujalifika
akageuka rangi ya kitambaa cha bitana.
"Mama Mbeyu. Simama.
Pana mandhari hapa."

Tukashuka. Watoto wakajipanga mstari.
Shamba la mihogo. Nguzo za umeme.
Mbuzi mmoja juu ya kichuguu,
anatafuna, anatutazama kama aliyetutarajia jana.
Yeye kazunguka nyuma ya gari.

"Mbona Baba anatazama upande ule?"

"Ule ni wake," nikamwambia Umazi.
"Wewe tazama wetu."